Kwa nini behewa la R32 lilikaa kazini miaka 57

Jumapili ya tarehe 9 Januari 2022, treni ya mabehewa ya R32 ilibeba abiria wake wa mwisho katika reli ya chini ya ardhi ya New York. Mabehewa hayo yalikuwa yameanza kazi Septemba 1964, wakati Lyndon Johnson ndiye rais wa Marekani. Wapanga bajeti wa reli za mijini kwa kawaida huhesabu kwamba behewa litafanya kazi miaka 35, au 40 likipata matunzo mazuri. R32 lilipita hapo na kuendelea, hadi likawa miongoni mwa mabehewa ya abiria yaliyotumika kwa muda mrefu zaidi katika reli yoyote ya mjini duniani.

Mashabiki wa treni wa New York, nao ni wengi na wana maneno, wanalo jibu la haraka: zamani vitu vilitengenezwa kwa uimara, siku hizi ni bora liende. Wamepatia nusu. Bodi la R32 lilikuwa imara kweli. Lakini ukifuatilia mwaka kwa mwaka, utakuta kwamba angalau mara mbili behewa hili lilikuwa limekwisha kupangiwa siku ya kuondoka, na mara zote mbili likabakizwa kwa sababu behewa jingine, jipya kuliko lenyewe, lilikuwa limeharibika. Ubora wake ulilipa nafasi ya kungoja, na udhaifu wa wengine ukalirefushia ajira.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Tangu miaka ya 1930 New York imekuwa ikiyaita mabehewa yake kwa namba ya mkataba wa ununuzi: R1, R10, R32, R160. Mkataba wa R32 uligawanywa vipande viwili vya mabehewa 300 kila kimoja, R32 na R32A, na tofauti yao kubwa ilikuwa fungu la fedha lililovilipia. Abiria asingeweza kuvitofautisha. Vilevile reli hiyo ambayo mgeni huiona kama mfumo mmoja ni mifumo miwili iliyounganishwa kwa tiketi. Njia zenye namba zilijengwa mapema, mahandaki yake ni membamba na mabehewa yake ni membamba pia. Njia zenye herufi ni pana zaidi. R32 lilikuwa la njia za herufi: urefu wa mita 18 na kidogo, upana wa mita 3, milango minne kila upande. Kumbukeni huo urefu, maana ndio utakaoliokoa baadaye.

Mabehewa yalikwenda mawili mawili, yamefungwa pamoja daima, kila moja likiwa na chumba cha dereva upande mmoja tu wa jozi na vifaa vingine vikigawanywa kati yao. Kila behewa lilikuwa na mota nne za nguvu za farasi 115 kila moja, zikila umeme wa volti 600 hivi kutoka reli ya tatu iliyolazwa kando ya njia. Hayo yote yalikuwa ya kawaida kwa wakati ule. Jambo lisilo la kawaida lilikuwa ngozi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabehewa ya New York karibu yote yalitengenezwa kwa chuma cha kawaida na kupakwa rangi. Chuma hicho ni cha bei nafuu na fundi yeyote anaweza kukichomelea, lakini kinashika kutu, na treni ya mjini ina maadui wengi: mvua, theluji, chumvi inayomwagwa barabarani na madarajani wakati wa baridi, na unyevu wa mahandaki. Kila behewa lilihitaji kupakwa rangi upya mara kwa mara, na kutu ikishaanza kula chini ya rangi huioni mpaka imefika mbali. Stenlesi haina shida hiyo. Ina kromi, mara nyingi kama asilimia 18, na kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba sana unaokinga chuma kilicho chini yake. Ukikwaruza, utando unajirudisha wenyewe. Ni kama tofauti ya karai la chuma na sufuria ya stenlesi zikiachwa na maji usiku kucha.

Sasa, kama stenlesi ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa nini watu walingoja? Tatizo lilikuwa kuichomelea. Ukiipasha moto kwa muda mrefu, kromi inajishika na kaboni iliyomo ndani ya chuma, na eneo linalozunguka kiungo linabaki bila kinga. Unapata behewa lisiloshika kutu mahali pote isipokuwa kwenye viungo, yaani pale hasa unapohitaji nguvu. Kampuni ya Budd ya Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza mabodi ya magari, ilipata ufumbuzi miaka ya 1930. Mhandisi wake Earl Ragsdale alibuni njia ya kupitisha umeme mkali mno kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde, katika nukta moja baada ya nyingine. Chuma kinayeyuka na kushikana kabla joto halijapata nafasi ya kuharibu kitu. Kwa mbinu hiyo Budd walijenga mwaka 1934 treni ya Zephyr, iliyotikisa Marekani kwa wepesi na mng'ao wake.

Ukilitazama behewa la R32 kwa karibu ungeona kuta zake zina migongo kama bati la kuezekea. Haikuwa urembo. Karatasi ya stenlesi ni nyembamba, na migongo huipa ukakamavu bila kuiongezea uzito. Pia huficha alama za zile nukta za uchomeleaji. Mfupa na ngozi vilibeba mzigo pamoja, na matokeo yake ni kwamba R32 lilikuwa na uzito pungufu wa karibu pauni 4,000, yaani zaidi ya kilo 1,800, kuliko behewa la ukubwa uleule la chuma cha kawaida. Kwa treni ya mabehewa 10 hiyo ni zaidi ya tani 18 ambazo mota hazihitaji kuzisukuma kila inapoondoka kituoni, na treni ya mjini huondoka kituoni kila baada ya dakika mbili tatu, siku nzima.

New York ilikuwa imekwisha kulijaribu wazo hilo. Mwaka 1949 Budd waliiuzia mabehewa 10 ya stenlesi, R11, kwa bei ya kama dola 100,000 kila moja, kiasi cha kutisha wakati ule. Magazeti yaliiita treni ya dola milioni moja. Yalikuwa sampuli za njia mpya ya Second Avenue, ambayo haikujengwa wakati huo (kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2017, habari inayohitaji makala yake). Jiji likashukuru, likarudi kwenye chuma na rangi kwa miaka 15 mingine. Mwaka 1963 Budd waliweka zabuni ya mabehewa 600 kwa dola milioni 68.8, wastani wa dola 114,700 kwa behewa. Ukizingatia jinsi bei zilivyokuwa zimepanda tangu 1949, stenlesi ilikuwa imeshuka na kuwa ya kununulika, na Budd wakashinda.

Tarehe 9 Septemba 1964 treni ya kwanza ilioneshwa kwa umma kwa mbwembwe: badala ya kuanzia chini ya ardhi, ilipitishwa katika reli za kampuni ya New York Central kutoka Mott Haven, Bronx, hadi kituo kikuu cha Grand Central, kwenye majukwaa ya reli kuu ambako treni za mjini hazifiki kamwe. Siku chache baadaye yakaanza kubeba abiria kwenye njia ya Brighton inayokwenda Coney Island. Kuta ziling'aa kama fedha, milango ilikuwa ya rangi ya buluu, na watu wakayaita Brightliners.

Nisiache kutaja dirisha la mbele. Chumba cha dereva kilikuwa kona moja tu, kwa hiyo mlango wa katikati, kwenye uso wa treni, ulikuwa na kioo ambacho abiria aliweza kusimama nyuma yake na kutazama reli ikimjia: taa za ishara, makutano ya njia, kituo kikitokeza kwa mbali kama mwanga mdogo. Watoto wa New York wamesimama hapo vizazi vitatu. Mabehewa mapya yana chumba cha dereva kinachochukua upana wote, na kwa usalama na raha ya dereva ni uamuzi sahihi. Lakini naelewa kwa nini watu wazima walisukumana siku za mwisho kugombea pale mlangoni.

Mng'ao haukudumu. Miaka ya 1970 jiji liliishiwa fedha, likakaribia kufilisika mwaka 1975, na matengenezo ya reli yakawa ya kuahirishwa tu. Mabehewa yalipakwa michoro ya rangi ndani na nje, milango ilikwama, treni zilizimika njiani. Bodi la stenlesi halikuoza, lakini bodi si treni. Mota, breki, nyaya na swichi zilichakaa kama za behewa lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Ravitch alipokuwa mwenyekiti wa mamlaka kuu ya usafiri, MTA, ulipitishwa mpango mkubwa wa kukopa na kuwekeza, na David Gunn alipochukua uongozi wa reli mwaka 1984 fedha hizo zikaanza kuonekana karakanani. Treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa njiani Mei 1989.

Hapo ndipo uamuzi wa 1963 ulipolipa. Kwa behewa la chuma cha kawaida lenye miaka 25, fundi lazima ajiulize kwanza kama mwili wenyewe unafaa kutengenezwa. Kwa R32 swali hilo halikuwepo. Kati ya 1988 na 1990 mengi yao yalipelekwa katika karakana ya Morrison-Knudsen mjini Hornell, kusini-magharibi mwa jimbo la New York, yakavuliwa hadi kubaki kopo tupu na kujazwa upya: umeme, breki, viti, sakafu, na viyoyozi mahali palipokuwa na feni za dari. Kwa hiyo anayesema amepanda treni ya mwaka 1964 amepanda bodi la mwaka 1964. Karibu kila kilichomo ndani kilikuwa cha enzi za marais Reagan na Bush mkubwa.

Viyoyozi hivyo viliwekwa katika behewa ambalo halikuchorwa kwa ajili yake, na shida hiyo haikuisha hadi mwisho. Tutairudia.

Mpango wa kwanza wa kuliondoa R32 ulikuja na R160, mabehewa 1,662 yaliyotengenezwa na Alstom na Kawasaki na kuanza kazi mwaka 2006. Idadi hiyo ilitosha kustaafisha kundi zima la wazee wa njia za herufi. R32 yakaanza kuondolewa kwa mamia. Kisha Desemba 2009 wakaguzi waligundua udhaifu katika miundo ya mabehewa ya R44, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani mapya kuliko R32 kwa takriban miaka saba. R44 lilikuwa na ukanda wa chuma cha kawaida ubavuni, na kutu iliingia humo. Kufikia katikati ya 2010 R44 zote za mjini zilikuwa zimeegeshwa, zikabaki za Staten Island tu. R160 zilizokusudiwa kumalizia R32 zikatumwa kuziba pengo hilo, na R32 222 zikaambiwa ziendelee.

Hapa ndipo ule urefu unapoingia. R44, na R46 na R68 yaliyofuata, yalikuwa na urefu wa karibu mita 23. Hesabu ya miaka ya 1970 ilikuwa kwamba mabehewa manane marefu yanajaza jukwaa lilelile la mita 183 lililohitaji mabehewa 10 ya mita 18, na ukiwa na mabehewa manane unapunguza mota, milango na matengenezo. Hesabu nzuri, ila njia za mashariki, za herufi J, Z, L na M, zina kona kali za enzi za zamani, na behewa la mita 23 haliwezi kuzipinda bila kugusa kuta. Njia hizo zinakubali behewa fupi tu. Kwa hiyo mameneja walipohesabu nani wa kustaafu, behewa fupi la zamani lilikuwa na thamani kuliko behewa refu la kisasa, kwa sababu fupi liliweza kwenda popote na refu halikuweza.

Miaka ya 2010 R32 ziliishi zaidi kwenye njia ya C, inayopita chini ya ardhi mwanzo hadi mwisho. Abiria wa C hawakuwa na mahaba ya mashabiki. Kundi la kutetea abiria, Straphangers Campaign, liliipa njia hiyo nafasi ya mwisho katika ripoti zake za kila mwaka mara kadhaa, na uchakavu wa mabehewa ulikuwa sababu mojawapo. Treni zilikuwa zinaharibika mara nyingi zaidi ya wastani wa mfumo mzima, kwa kiasi kikubwa. Na vile viyoyozi: ndani ya handaki, joto kinalolitoa kiyoyozi halina pa kwenda, mtambo unajichemsha na kuzima. Tangu kiangazi cha 2011 mamlaka ikabuni dawa ya kienyeji. Msimu wa joto, baadhi ya R32 zilihamishiwa njia zinazotoka juu ya ardhi, kwanza A, baadaye J, zikapungwe na upepo, na R46 zikaja kushika zamu kwenye C. Vuli ikifika zinarudi. Najua mtu anaweza kucheka, lakini ni usimamizi mzuri wa kitu kibovu.

Mrithi rasmi alikuwa R179. Bombardier walipewa mkataba wa mabehewa 300 mwaka 2012. Yakachelewa, na hatimaye kuanza kubeba abiria mwishoni mwa 2017. Januari 2020 mamlaka iliyaondoa yote njiani kwa muda kwa sababu ya hitilafu za milango. Yakarudi. Wakati huo janga la korona lilipopunguza safari, R32 zikaegeshwa na kila mtu akadhani ndio basi. Kisha Juni 2020 treni ya R179 ikakatika vipande viwili ikiwa njiani. Hakuna aliyeumia, lakini mabehewa yakaondolewa tena kwa ukaguzi, na Julai wale wazee wa miaka 56 wakaitwa kazini. Hata mtu asiyejali treni ataona kichekesho hapo. Yalimaliza kazi ya kawaida baadaye mwaka huohuo, na safari za kuaga zikafanyika Jumapili za kati ya tarehe 19 Desemba 2021 na 9 Januari 2022.

Kuhusu mabehewa yaliyotangulia kuondoka, kuna kisa ambacho wanaosifu stenlesi hawapendi sana kukitaja. Tangu 2001 New York ilikuwa ikizamisha mabehewa yake mabovu baharini, katika pwani ya mashariki ya Marekani, ili yawe miamba ya bandia. Sakafu ya bahari pale ni mchanga mtupu. Samaki na kome wanahitaji kitu kigumu cha kujificha na kushikia. Mabehewa yalivuliwa magurudumu, milango, vioo na vyote vyenye mafuta, yakapakiwa kwenye matishari na kusukumwa majini. Kundi la kwanza lilikuwa Redbirds, yale mabehewa mekundu ya chuma cha kawaida ya njia za namba. Mamia yao yako chini ya maji mbele ya pwani ya Delaware, na yalifanikiwa sana, wavuvi wakawa wanagombea nafasi juu yake. Zaidi ya mabehewa 2,500 yalizamishwa hadi mwaka 2010.

Ilipofika zamu ya stenlesi, zikiwemo R32 zaidi ya mia tatu, wengi walitegemea yatadumu kuliko yale mekundu. New Jersey ilizamisha kundi lake karibu na Atlantic City mwaka 2008. Ndani ya miezi michache wapiga mbizi waliporudi kutazama walikuta karibu yote yameporomoka, na jimbo likasimamisha mpango. Redbird lilikuwa zito na nene. Kutu ya bahari ilikuwa na kazi ya miaka mingi kulimaliza. R32 lilikuwa jepesi, karatasi nyembamba zilizoshikwa nukta kwa nukta, muundo uliopangiwa mizigo ya treni na si kusukwasukwa na mawimbi kutoka pande zote. Na ile kinga ya kromi inahitaji hewa ili kujirudisha. Katika mwanya mwembamba kati ya karatasi mbili, ndani ya maji ya chumvi yaliyotuama, oksijeni huisha, na stenlesi inaweza kuliwa kama chuma kingine.

Kwa hiyo R32 za mwisho hazikupelekwa baharini. Zilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako stenlesi ina bei nzuri, isipokuwa chache zilizobakizwa kwa ajili ya makumbusho ya usafiri ya jiji. Kwenye njia za herufi sasa kuna R211 za Kawasaki, zilizoanza kazi Machi 2023. Nazo ni za stenlesi, na ni fupi, mita 18.